Mshale Uliosema Kweli Asubuhi

Wanangu mnaojifunza ufundi wa vipimo, laiti mngesimama nami pale kiwandani Kihanga saa moja asubuhi, miaka ile ya themanini, msingejua ukungu unaishia wapi na mvuke unaanzia wapi. Ukungu wetu wa Karagwe hauna haraka. Ulishuka kutoka vilimani, ukapita juu ya migomba, ukaingia kiwandani kwenye mapengo ya mbao kama mtu wa nyumbani asiyebisha hodi. Ndani ulikutana na mvuke wa tangi la sabuni, vikachanganyika, na sisi wafanyakazi tukawa tunatembea humo kama watu wanaoota. Unasikia kikohozi, unajua fulani yuko kulia kwako. Unaona taa ndogo ya manjano inaning'inia hewani, unajua hapo ndipo ilipo geji, kile kipimo cha joto chenye mshale.

Mpaka leo nikifunga macho huwa naiona ile taa.

Kiwanda chenyewe kilikuwa kidogo, hata wengi wenu hamjapata kukisikia. Tulipika sabuni ya kufulia. Vita vya Uganda vilikuwa vimekwisha, lakini madukani kulikuwa kutupu, na kina mama walifua kwa majivu na majani ya mpapai. Kwa hiyo mche mmoja wa sabuni yetu ulikuwa kitu cha kumpelekea mama mkwe. Tulichukua mafuta ya ng'ombe kutoka ranchi, tukayayeyusha kwenye tangi la chuma lililopashwa moto kwa stimu, yaani mvuke wa bomba, tukaongeza maji ya kostiki soda kidogo kidogo, tukakoroga. Mafuta na kostiki vikikubaliana, mnapata sabuni. Visipokubaliana, mnapata uji unaochoma mikono.

Mimi niliingia pale kama mkata miche. Jina langu la nyumbani ni Kokushubira, lakini kazini waliniita Koku. Nilihama kwenye meza ya kukatia kwa sababu moja tu: fundi umeme aliyeletwa kutoka Bukoba aliondoka baada ya miezi michache, akisema baridi ya kwetu inamuumiza magoti, na mimi ndiye niliyekuwa nikimshikia bisibisi. Meneja akasema, basi mwenye bisibisi ni wewe.

Msicheke. Wengi wa mafundi wa wakati wangu walianza hivyo.

Mpishi mkuu wa sabuni alikuwa Mzee Karoli. Wazazi wake walitoka Rwanda, naye aliishi Kituntu kwa miaka mingi, akilima migomba na kahawa kidogo, mtu wa kanisa asiyegusa hata rubisi, pombe yetu ya ndizi. Alikuwa mrefu, mkimya, na alikuwa na tabia ya kufumba macho akiwa kazini. Mgeni angedhani amesinzia. Kumbe alikuwa anasikiliza. Sabuni inapoiva, sauti ya mapovu hubadilika. Mwanzoni hupasuka upesi upesi kama mvua kwenye bati, halafu hunyamaza, halafu hupumua polepole kama ng'ombe aliyelala. Mzee alijua kila pumzi. Kisha alichota kidogo kwa mwiko, akaacha ipoe, akaigusa kwa ncha ya ulimi. Ikimchoma, kostiki imezidi. Nami alinifundisha hivyo, na kwa wiki nzima chakula changu hakikuwa na ladha.

Ile geji ilikuja baadaye, kwenye kasha lenye majani makavu ndani. Iliwekwa ukutani, hatua kumi na mbili kutoka kwenye tangi. Ndani ya tangi iliingia sensa, fimbo ya chuma nyembamba yenye kichwa cha duara nje, na kutoka kwenye kichwa hicho nyaya mbili zikaenda mpaka kwenye geji. Meneja aliipenda geji ile kama mtoto wake. Alikuwa kijana msomi, mchapakazi, na nia yake ilikuwa njema, hilo nataka mlijue. Alichoka kuambiwa kwamba sabuni ya juzi ilikuwa laini kwa sababu mapovu yalisema vingine. Akatoa amri: tangi likae nyuzi themanini. Mshale ukishuka, ongeza stimu. Mshale ukipanda, punguza.

Mzee Karoli alitii. Aliniambia tu kwamba yeye hana ugomvi na mshale, ila angependa kujua unasikia kwa sikio lipi.

Siku za mwanzo nilifanya makosa ambayo leo yananichekesha. Nilipofunga sensa kwa mara ya kwanza niligeuza nyaya, wa huku nikaupeleka kule. Tukafungua stimu, mafuta yakaanza kuyeyuka, na mshale ukashuka. Tukaongeza stimu, ukashuka zaidi, ukagonga mwisho wa geji. Nilimwambia Meneja, kwa uso mkavu kabisa, kwamba nadhani mafuta ya ng'ombe wa ranchi yale yana baridi ya asili. Mkiona mshale unakwenda kinyume na moto, msitunge elimu mpya. Geuzeni nyaya kwanza.

Tena alikuja mtaalamu mmoja kutoka pwani kukagua. Alitumbukiza sensa kwenye birika la maji yanayochemka, mshale ukasimama tisini na tano. Akatikisa kichwa, akasema geji ni mbovu, akaikaza skrubu mpaka ikasoma mia. Akala matoke yetu, akashukuru, akaenda zake. Mwezi mzima tulipika sabuni isiyoiva, mpaka Mzee Karoli akaniuliza kama maji ya kwao mtaalamu yanafanana na ya kwetu. Nikaenda kwa mwalimu wa sayansi huko Nyabiyonza. Akanieleza kwamba huku juu milimani hewa ni nyepesi, maji huchemka kabla ya kufika mia. Tisini na tano ilikuwa kweli tupu. Nilirudi nikailegeza ile skrubu, na tangu siku hiyo nimekuwa nikimuuliza kila mwenye kipimo: unapimia wapi?

Lakini hayo ni mambo ya kucheka. Linalofuata si la kucheka, nalo ndilo lililonifanya nikae niwaandikie.

Panya wa kiwanda cha sabuni hushiba kuliko panya wa ghala la mahindi, maana kila kitu kina mafuta. Hata nyaya zilikuwa na utando wa mafuta. Asubuhi moja nilikuta mshale umelala sifuri. Nikafuata waya kwa vidole, na kuanzia kwenye kichwa cha sensa mpaka karibu na ukuta ulikuwa umetafunwa vibaya, kipande cha hatua kama nane hivi. Stoo hatukuwa na waya wa namna ile. Kuagiza kungechukua wiki nyingi. Meneja alisimama nyuma yangu akiwa na wasiwasi, maana mafuta yalikuwa tayari kwenye tangi.

Nikachukua waya wa taa. Waya wa kawaida wa shaba, wa kufungia balbu. Nikakata, nikasokota, nikafunga tepu vizuri sana. Mshale ukaamka. Nikachemsha maji kwenye birika, nikapima, ukasoma tisini na tano kama kawaida. Meneja akawaita wenzangu, akawaambia tazameni alichofanya Koku. Walipiga makofi, na mimi nilitembea siku ile kama bibi harusi.

Sikumuuliza mtu. Nilidhani waya ni waya.

Baada ya hapo sabuni ikaanza kuwa na vituko. Tukipika asubuhi na mapema, mambo shwari. Kadiri siku inavyoendelea, Mzee Karoli alikuwa akifumbua macho mara kwa mara na kutazama geji, kisha tangi, kisha geji. Mara mbili alimwendea Meneja kumwambia kwamba mshale unasoma pungufu. Mara mbili Meneja aliniambia nipime. Nami kila mara nilipima kesho yake asubuhi, kabla stimu haijafunguliwa, wakati ukungu bado umejaa ndani na kila chuma ni cha baridi. Mshale ulisema kweli kila asubuhi. Nikaandika kwenye daftari: geji nzima. Meneja akamwambia Mzee kwamba labda umri umeanza kumziba masikio.

Siku ya ajali ilikuwa saa nane mchana. Mshale ulisoma sabini na mbili. Mzee alisimama mkono ukiwa kwenye koki ya stimu, amefumba macho, na nilimwona anasita. Nilikuwa karibu na ukuta. Aliniuliza ni ngapi, nikamwambia sabini na mbili. Akauliza tena. Nikamjibu vilevile. Alikuwa na amri kutoka ofisini, na alikuwa na neno langu. Akaongeza stimu.

Sikusikia kishindo. Watu hudhani ajali huja na kishindo. Sabuni iliinuka tu, nyeupe, taratibu, kama maziwa yanavyoinuka kwenye sufuria, ikafika ukingoni, ikasimama kidogo kana kwamba inafikiri, halafu ikamwagika pande zote. Nakumbuka niliiona nzuri. Naona aibu kuliandika hilo, lakini ni kweli. Kwa kitambo kile kifupi niliiona kama wingu limeshuka ndani. Mzee Karoli hakukimbia. Aligeuka kwanza akafunga koki, na alipokuwa anafunga, sabuni ya moto ikamfika miguuni.

Tulimwagia maji ndoo kwa ndoo, tukampeleka hospitali ya misheni kwenye gari la kubebea mafuta. Miguu yote miwili iliungua, wa kushoto vibaya zaidi.

Wiki ile ile Meneja aliandika barua. Geji ilikuwa imepimwa na kuonekana nzima, daftari lilionyesha hivyo, na mwandiko ulikuwa wangu. Kwa hiyo kosa lilikuwa la mpishi: amefungua stimu kwa kufuata masikio yake, amekaidi amri. Aachishwe kazi. Mtu aliyeungua kwa kutii akaandikwa mkaidi. Mimi nilisikitika sana, nikampelekea mkewe mkungu wa ndizi, na sikuwa na wazo lolote kwamba nilichokuwa nakililia ni kazi ya mikono yangu.

Nililijua kwa bahati. Mpishi mpya alikuwa mwoga, alipika kwa stimu ndogo. Mchana mmoja sabuni ilirukia kichwa cha sensa ikagandia. Nikachovya kitambaa kwenye ndoo ya maji baridi, nikakifuta kile kichwa kwa nje, huku nikitazama geji kwa mazoea. Mshale ukapanda.

Nikasimama. Nimekipoza chuma, na mshale umepanda. Nikadhani naota. Nikachovya tena, nikakifunika kichwa chote kwa kitambaa cha baridi, nikahesabu moyoni. Mshale ukazidi kupanda, sabini na tano, themanini, themanini na sita. Nikaondoa kitambaa. Kichwa kikapata joto tena kutoka kwenye bomba la stimu lililopita karibu yake, na mshale ukashuka polepole, kama jua linavyoshuka nyuma ya kilima, mpaka pale ulipokuwa.

Nilikaa chini juu ya gunia la chumvi. Mambo yote yalikuja kwa pamoja, kimya kimya. Tepu yangu. Waya wa taa.

Nitawaeleza kwa maneno mepesi, kama yule mwalimu wa Nyabiyonza alivyonisaidia kuelewa. Sensa ya namna ile ni nyaya mbili za madini tofauti zilizoshikana kwenye ncha. Haipimi joto la ncha peke yake. Inapima tofauti kati ya ncha na pale nyaya hizo zinapoishia, na geji imetengenezwa ikiamini kwamba zinaishia kwake, ukutani, penye baridi. Mimi nilipounga shaba, nilizikatisha nyaya zile palepale kwenye kichwa cha sensa, jirani na bomba la stimu. Asubuhi bomba ni baridi, kichwa na ukuta vina joto moja, kosa halionekani. Mchana bomba limewaka, na joto lote la kichwa kile linapunguzwa kwenye hesabu. Mpishi anaona joto limepungua, anaongeza stimu, bomba linazidi kuwaka, mshale unazidi kushuka. Kadiri tangi lilivyokaribia kumwagika, ndivyo geji ilivyomwambia aongeze.

Kwa hiyo, wanangu, tembeeni na sumaku ndogo mfukoni. Nyaya zetu zile, mmoja ulishikwa na sumaku na mwenzake haukushikwa. Shaba haishikwi kabisa. Ningekuwa na sumaku na dakika moja, ningejua. Tena pimeni chombo saa kinapofanya kazi, mahali kinapofanyia kazi, na waya wake wote. Kukipima asubuhi kikiwa kimepumzika ni sawa na kumuuliza mtu aliyelala kama amechoka.

Lakini ufundi huo ulikuwa rahisi. Kilichobaki kilikuwa kigumu. Hakuna aliyejua. Ningeweza kungoja waya halali uje, niubadilishe, niutupe ule wa taa chooni, na dunia ingeendelea. Niliwaza hivyo kwa siku tatu. Siwafichi. Nilikuwa mwanamke pekee mwenye bisibisi pale, na nilijua watasema nini.

Siku ya nne ilikuwa Jumapili. Baada ya ibada nilitembea mpaka Kituntu. Mzee Karoli alikuwa ameketi nje kwenye mkeka, miguu imefungwa, anachambua maharage. Nilimwamkia shikamoo, akaniitikia, mkewe akaniletea kiti. Nikakikataa, nikakaa chini. Nilimweleza yote, kutoka kwa panya mpaka kwa kitambaa. Aliendelea kuchambua maharage, mabovu huku, mazima kule. Nilipomaliza, akauliza jambo moja.

“Ulipokuwa unaunga ule waya, ulijua?”

“Sikujua, Mzee.”

“Basi siku ile hukunitenda ubaya. Lakini leo unajua, Koku. Kuanzia leo ndipo utakaponitenda, au usinitende.”

Hakuniambia niende ofisini. Hakuniambia nisiende. Alimwambia mkewe anifungie maharage kidogo.

Jumatatu nilimwomba Meneja aje tangini saa nane mchana. Nilichukua kitambaa na ndoo, nikamwonyesha. Mshale ulipanda mbele yake, ukashuka mbele yake. Alinitaka nirudie, kisha akachukua kitambaa akafanya mwenyewe, shati lake likalowa. Wenzangu walikuwa wamesimama pembeni. Tulikwenda ofisini. Akanisogezea daftari la hitilafu. Alisema kwa upole kwamba chanzo kimeeleweka, kwamba niandike panya, na kwamba panya ni jibu la kweli wala halimuumizi mtu. Nilielewa alichokuwa ananipa. Alikuwa ananinusuru mimi, na alikuwa anajinusuru yeye na barua yake.

Nikaandika: Panya walikata waya. Aliyeunga ni mimi, kwa waya wa taa, bila kuuliza. Mpishi alifuata mshale na neno langu.

Nikatia sahihi. Meneja alisoma, akasoma tena. Nilidhani atauchana ule ukurasa. Akachukua kalamu, akaandika chini yake kwamba mpishi alionya mara mbili na meneja hakumsikiliza, akatia sahihi yake pia. Kesho yake alipanda pikipiki kwenda Kituntu, na barua ya pili mkononi, ya kumrudisha kazini.

Mimi nilirudishwa kwenye meza ya kukatia miche kwa miezi kadhaa. Ilikuwa haki. Waya halali ulipofika, niliitwa niufunge, kwa kuwa hakukuwa na mwingine. Niliupitisha mbali na bomba la stimu, ndani ya bomba la chuma ambalo panya hawatoboi, nikapima asubuhi, nikapima saa nane, nikapima kwa kitambaa. Mshale haukujali.

Mzee Karoli alirejea msimu wa masika, akichechemea kwa mguu wa kushoto, na alichechemea hivyo mpaka mwisho. Ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba nilisikia fimbo yake kwanza, kisha nikamwona. Hakupenda kusalimiwa kwa shamrashamra. Alikwenda moja kwa moja kwenye tangi, akashika koki, akafumba macho kama zamani. Mimi nilikuwa ukutani, chini ya ile taa ya manjano. Sabuni ilikuwa inapumua. Akauliza ni ngapi.

Nikamwambia, sabini na nne.

Hakuuliza mara ya pili, wala hakugeuka kutazama. Akafungua stimu.